Chumba cha Jioni: Maktaba ya Hall na Msomaji wa Kwanza wa Mwandishi

Mwaka 1931 ilifunguliwa mjini Nairobi Maktaba ya McMillan, jengo la fahari lenye nguzo ndefu mbele na simba wa mawe kwenye ngazi zake. Ilijengwa kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa St. Louis nchini Marekani aliyehamia Kenya akawa miongoni mwa walowezi wakubwa. Vitabu vilikuwamo na viti vilikuwamo, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuketi humo akasoma. Ubaguzi huo ulidumu hadi ukoloni wenyewe ulipokuwa ukingoni.

Mwaka uliofuata, tarehe 18 Januari 1932, jiji la Chicago lilifungua tawi jipya la maktaba yake ya umma kwenye makutano ya Barabara ya 48 na Michigan, katikati ya mtaa wa Wamarekani Weusi uliokuja kujulikana kwa jina la Bronzeville. Tawi hilo lilipewa jina la Daktari George Cleveland Hall, na mkuu wake alikuwa mwanamke Mweusi, Vivian Gordon Harsh. Haikupita miaka mingi, meza zake zikawa zinakaliwa na watu ambao leo tunawasoma vyuoni: Richard Wright, Langston Hughes, Margaret Walker, Arna Bontemps, Gwendolyn Brooks.

Makala haya yanaitazama historia ya chumba hicho na ya vikundi vya uandishi vilivyokizunguka, kwa kuwa inagusa swali ambalo sera zetu za utamaduni hulikwepa. Tunapozungumzia kukuza fasihi, huzungumzia tuzo, mashindano, wachapishaji na mitaala. Ni nadra kuuliza mwandishi chipukizi, fukara na asiyejulikana, humsomea nani kazi yake kwa mara ya kwanza, na humsomea wapi. Hoja yangu ni kwamba fasihi ya Weusi wa Chicago ilipata nguvu kwa sababu mwandishi alimpata msomaji wake wa kwanza miongoni mwa watu wake mwenyewe, na kwamba kazi hiyo ilidumu kwa sababu nyuma yake kulikuwa na chumba cha umma na mtumishi wa umma aliyejua thamani yake.

Jiji lililogawanywa

Mwaka 1910 Weusi wa Chicago walikuwa 44,103. Kufikia mwaka 1930 walikuwa 233,903. Ongezeko hilo lilitokana na uhamaji mkubwa kutoka majimbo ya Kusini, ambako watu walizikimbia sheria za ubaguzi, madeni yasiyokwisha ya mashamba ya pamba, na hofu ya kunyongwa na makundi ya Wazungu bila kesi wala hakimu. Viwanda vya nyama, vya chuma na shughuli za reli vilihitaji mikono, hasa Vita Kuu ya Kwanza ilipokatiza ujio wa wafanyakazi kutoka Ulaya.

Kaskazini hakukuwa na vibao vya kumtenga Mweusi mlangoni kama Kusini, lakini mipaka ilikuwapo. Julai 1919 kijana Mweusi aliyekuwa akiogelea katika Ziwa Michigan alivuka kwa maji mstari usioandikwa uliotenga ufuko wa Wazungu. Alipigwa mawe akafa maji, na ghasia zilizofuata ziliua watu 38, kati yao 23 wakiwa Weusi. Baada ya hapo ubaguzi ulijengewa nyumba ya kisheria: mikataba iliyomkataza mwenye nyumba kumuuzia au kumpangisha Mweusi ilienea mtaa baada ya mtaa, nayo iliendelea kupata nguvu mahakamani hadi uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1948.

Matokeo yake ni kwamba watu waliongezeka, eneo la kukaa halikuongezeka. Wenye majengo walikata nyumba moja vipande vipande, familia nzima ikapangishwa chumba kimoja chenye jiko pembeni, na choo kikawa cha sakafu nzima. Inafaa tulikumbuke jambo hili kila tunapozungumzia uandishi. Kuandika kunahitaji meza, mwanga na ukimya wa saa mbili. Mtu anayelala na ndugu zake watano katika chumba kimoja, anayerudi usiku kutoka kiwandani, hana hata kimoja kati ya hivyo. Kipaji chake kinaweza kuwa kikubwa kiasi gani, lakini kitaandika wapi?

Kwa upande wa kusoma, wengi wa wahamiaji walitoka mahali ambapo maktaba ilikuwa mali ya Mzungu. Richard Wright, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1908, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1945 jinsi alivyopata vitabu alipokuwa kijana mjini Memphis. Alimwomba Mzungu mmoja wa mahali pake pa kazi amwazime kadi ya maktaba, kisha akawa anaandika vikaratasi vya kughushi, kana kwamba bwana fulani amemtuma kumchukulia vitabu. Mkutubi alimwona mtumwa wa kubeba, hakumwona msomaji. Mwishoni mwa mwaka 1927 Wright alihamia Chicago.

Mkutubi aliyekusanya

Tawi la Hall halikushuka kutoka mbinguni. Daktari Hall, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Provident, alikuwa mjumbe wa bodi ya maktaba ya jiji. Mwaka 1915 alikuwa pamoja na mwanahistoria Carter G. Woodson walipoanzisha mjini Chicago chama cha kuchunguza maisha na historia ya Weusi. Ndani ya bodi aliutetea mtaa wake, ambao haukuwa na tawi lililojengwa kwa ajili yake. Kiwanja kilitolewa na Julius Rosenwald, tajiri wa biashara ya Sears, ambaye mfuko wake ulisaidia kujenga maelfu ya shule za watoto Weusi huko Kusini. Hall alifariki mwaka 1930, na Rosenwald alifariki siku chache tu kabla ya ufunguzi. Hakuna kati yao aliyeuona mlango ukifunguliwa.

Aliyekuwapo ni Vivian Harsh. Alizaliwa Chicago mwaka 1890, akaingia katika maktaba ya jiji mwaka 1909 kama karani, akasomea ukutubi Boston, na mwaka 1924 akawa Mweusi wa kwanza kuwa mkutubi katika mfumo wa maktaba wa jiji hilo. Kwa lugha yetu ya utumishi tungesema alipanda ngazi zote. Hakuwa mwandishi wa hadithi wala mzungumzaji wa majukwaani. Waliomfahamu walimkumbuka kama mtu wa nidhamu, asiye na maneno mengi.

Alichokifanya kilikuwa cha namna mbili. Kwanza, alikusanya. Alianza na vitabu kutoka hazina binafsi ya Daktari Charles Bentley, akapata ufadhili wa mfuko wa Rosenwald kwenda kuona makusanyo mengine na kununua vitabu, akajenga rafu maalumu ya maandishi ya Weusi na kuhusu Weusi. Hilo lilikuwa tendo la kisiasa hata kama lilifanywa kwa kadi za katalogi. Katika maktaba nyingi za wakati ule, mtoto Mweusi aliyemtafuta mtu wa rangi yake kitabuni alimkuta akichekwa au akitumwa. Mwenzake Harsh, Charlemae Hill Rollins, aliyesimamia sehemu ya watoto katika tawi hilohilo, alilishughulikia tatizo hilo mahususi: mwaka 1941 alitoa mwongozo wa vitabu vya watoto uliowasaidia walimu na wakutubi kuchagua vitabu vinavyowaonyesha Weusi kama binadamu kamili.

Pili, Harsh alifungua jioni. Mwaka 1933 alianzisha jukwaa la mapitio ya vitabu na mihadhara, lililokutana mara mbili kwa mwezi. Lilidumu kwa takriban miaka 20. Hapo mtu alisimama akaeleza kitabu, wengine wakauliza, wakapinga, wakaongeza. Miongoni mwa waliozungumza ni Wright, Hughes, Zora Neale Hurston na mwanafalsafa Alain Locke. Waliosikiliza walikuwa watu wa mtaa: walimu, wafanyakazi wa posta, wahudumu wa mabehewa ya reli, wanawake waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, wanafunzi.

Watumishi wa umma wanaosoma makala haya wataona mara moja uzito wa jambo hili. Jukwaa lile halikuhitaji wizara mpya. Lilihitaji jengo ambalo tayari lilikuwapo, taa iliyoachwa ikiwaka saa mbili zaidi, na ofisa aliyeona kuwa kuwaita watu mezani ni sehemu ya wajibu wake sawa na kupanga vitabu rafuni.

Kikundi cha mwaka 1936

Februari 1936 ulifanyika Chicago mkutano mkubwa wa kitaifa wa Weusi uliozungumzia kazi, haki na utamaduni. Katika miezi iliyofuata, Wright aliwakusanya waandishi wachache wakaanza kukutana wenyewe kwa wenyewe. Kilijulikana kama Kikundi cha Waandishi wa Upande wa Kusini. Mikutano yake ilifanyika katika Kituo cha Abraham Lincoln, nyumba ya huduma za jamii iliyokuwa katika upande huohuo wa jiji, na watu wake ndio haohao waliosoma na kuzungumza katika tawi la Hall. Ni vyema tuvione vyumba hivi viwili kama uwanja mmoja: kimoja cha kusoma mbele ya mtaa, kingine cha kusomeana miswada baina ya wenye kazi moja.

Walikuwamo Margaret Walker, msichana wa miaka 20 na ushei aliyekuwa amehitimu chuo mwaka uliotangulia, Arna Bontemps, ambaye mwaka huohuo alitoa riwaya kuhusu uasi wa watumwa wa Virginia wa mwaka 1800, mwandishi wa tamthilia Theodore Ward, Marian Minus, na mshairi na mwanahabari Frank Marshall Davis, ambaye baadaye alihamia Hawaii na huko akawa rafiki wa babu yake Barack Obama, kijana wa baba Mkenya.

Kazi ya kikundi ilikuwa rahisi kuielezea na ngumu kuifanya. Mtu alileta kurasa zake, akazisoma kwa sauti, wenzake wakazichambua mbele yake. Wright alikuwa akiandika hadithi ambazo zilitoka mwaka 1938 katika kitabu chake cha kwanza. Walker alikuwa akiandika mashairi ambayo mwaka 1942 yalimpatia tuzo ya Chuo Kikuu cha Yale kwa washairi chipukizi. Ward alikuwa mbioni kuiandika tamthilia kuhusu familia moja ya Bronzeville, iliyochezwa Chicago mwaka 1938.

Kutokana na mazungumzo hayo Wright aliandika insha iliyochapishwa mwaka 1937 katika jarida la New Challenge, ambalo Minus alikuwa mmoja wa wahariri wake. Katika insha hiyo alitoa mwongozo kwa waandishi Weusi, na mashtaka yake makubwa yalihusu hadhira. Alidai kwamba sehemu kubwa ya uandishi wa Weusi kabla yake ilikuwa imeelekezwa kwa msomaji Mzungu, ikimsihi atambue kuwa Mweusi naye ni mtu. Mwandishi alifika kwa Mzungu kama mwombaji aliyevaa vizuri. Wright alitaka mwandishi amgeukie Mweusi mwenzake, achote katika ngano, nyimbo na imani za watu wa kawaida, na aandike kwa ajili ya maisha yao.

Mtu anaweza kuisoma insha ile kama nadharia tupu. Mimi naisoma kama taarifa ya chumba. Wright aliweza kuwaza msomaji Mweusi kwa sababu alikuwa amemwona. Alikuwa amesimama mbele yake katika jukwaa la maktaba, akamsikia akicheka mahali pasipotarajiwa na akinyamaza mahali palipochoma. Mwandishi ambaye msomaji wake wa kwanza ni mhariri wa mbali, katika jiji asilolijua, hujifunza kueleza kila kitu, kutafsiri kila jina la chakula na kuomba radhi kwa kila desturi. Mwandishi anayewasomea majirani hana ruhusa ya kufanya hivyo, maana majirani watamuuliza anamweleza nani.

Nani mwenye chumba?

Wanaharakati watauliza, na ni haki yao, kama maktaba ya serikali ya jiji ndiyo mahali pa kuweka matumaini. Historia ya Chicago inatupa jibu la kuchunguza, maana waandishi hawa walijaribu vyumba vya kila namna.

Walijaribu chumba cha chama. Kabla ya kikundi cha mwaka 1936, Wright aliandikia Klabu ya John Reed, umoja wa waandishi na wasanii uliofungamana na Chama cha Kikomunisti. Klabu ilimpa mengi: wenzake wa kusomeana, jarida la kuchapisha mashairi yake, na hisia kwamba maneno yake yana kazi duniani. Lakini chama kilipobadili mkakati wake katikati ya miaka ya 1930, klabu zilivunjwa na jarida likafungwa, waandishi chipukizi wakabaki nje. Chumba kilichofunguliwa kwa ajili ya mstari wa chama kilifungwa mstari ulipopinda.

Walijaribu chumba cha mpango wa dharura wa serikali. Mwaka 1935, wakati wa mdororo mkuu wa uchumi, serikali ya shirikisho ilianzisha mradi wa kuwaajiri waandishi wasio na kazi. Wright, Walker na Bontemps walilipwa mishahara kupitia mradi huo, na mtu aliyekuwa na njaa aliweza kula kwa kuandika. Katika jimbo la Illinois, Bontemps na mwandishi Mzungu Jack Conroy walisimamia utafiti mpana wa historia ya Weusi wa jimbo hilo. Wanasiasa wa Washington waliutilia shaka mradi, bunge likaupunguzia nguvu mwaka 1939, na vita vilipokuja ukazimwa. Utafiti wa Illinois haukukamilika kuwa kitabu.

Kikundi chenyewe nacho hakikuishi muda mrefu. Wright alihamia New York mwaka 1937, na baadaye Ufaransa. Jarida la New Challenge lilitoa toleo moja tu. Vikundi vya uandishi vina kawaida hiyo: mmoja hupata kazi mbali, mwingine huoa, wengine hukosana, na meza hubaki tupu.

Kilichobaki ni maktaba. Makaratasi ya ule utafiti uliozimwa yalipelekwa kwa Harsh, naye akayahifadhi. Hughes alimpa nakala za kazi ya tawasifu yake, na Wright alimpa muswada wa mojawapo ya hadithi zake za mwanzo. Mwaka 2013, zaidi ya miaka 70 baada ya mradi kufungwa, utafiti wa Illinois hatimaye ulichapishwa kuwa kitabu kutokana na makaratasi hayo. Harsh alistaafu mwaka 1958 na kufariki mwaka 1960. Mkusanyo wake, unaobeba jina lake leo, ulihamishiwa mwaka 1975 katika maktaba kubwa zaidi ya jiji iliyopewa jina la Woodson, na watafiti kutoka duniani kote huenda kuusoma.

Chumba hakikukoma kuzaa. Mwaka 1941, katika kituo cha sanaa cha jamii kilichokuwa mtaa uleule, Inez Cunningham Stark, mwanamke Mzungu tajiri aliyejua ushairi, aliendesha darsa la washairi Weusi. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwa Gwendolyn Brooks, mke na mama kijana aliyekuwa akiishi katika mojawapo ya vile vyumba vya jiko pembeni. Diwani yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1945, ilibeba jina la mtaa wake. Mwaka 1950 akawa Mweusi wa kwanza kupata Tuzo ya Pulitzer.

Sisemi kwamba maktaba ya umma haina bwana. Ina bajeti, ina bodi, ina wanasiasa juu yake. Harsh mwenyewe alifanya kazi ndani ya jiji lenye ubaguzi, na fedha za mwanzo za vitabu vyake zilitoka kwa mfuko wa tajiri. Lakini maktaba ina sifa moja ambayo chama, mradi na mfadhili hawana: mlango wake haumuulizi anayeingia anaamini nini, na ahadi yake kwa karatasi iliyowekwa ndani haina tarehe ya mwisho.

Kutoka Chicago hadi Kampala

Historia hii iligusa ardhi yetu moja kwa moja. Juni 1962 Chuo Kikuu cha Makerere kilipokea mkutano wa waandishi wa Kiafrika. Chinua Achebe na Wole Soyinka walikuwapo, na mwanafunzi aliyeitwa wakati ule James Ngugi alihudhuria akiwa na muswada wa riwaya yake. Mgeni kutoka Marekani alikuwa Langston Hughes, mtu aliyezoea kusoma mbele ya watu wa mitaa na aliyeujenga ushairi wake kwa lafudhi na nyimbo zao.

Mkutano ule, hata hivyo, ulikuwa wa Waafrika waandikao Kiingereza. Mwandishi wa Kiswahili hakuwa na kiti. Mwezi huohuo wa Juni, Shaaban Robert alifariki dunia nchini Tanganyika, akiwa ameacha mashairi, insha na riwaya zilizosomwa na kughaniwa kote katika eneo la Kiswahili. Ngũgĩ wa Thiong'o aliikumbusha aibu hiyo baadaye, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na fikra: mwanafunzi aliyechapisha hadithi mbili za Kiingereza aliweza kualikwa, lakini bingwa wa Kiswahili hakustahili.

Tukilitazama suala hilo kwa macho ya Chicago, tutaona kwamba lugha na msomaji wa kwanza ni swali lilelile. Anayeandika kwa lugha ambayo majirani zake hawaisomi amekwisha kumchagua msomaji wa mbali. Ngũgĩ alilifuata swali hilo hadi mwisho wake. Mwaka 1977, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, wakulima na wafanyakazi walishiriki kuirekebisha na kuiigiza tamthilia ya Kigĩkũyũ aliyoiandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Ilianza kuchezwa Oktoba, kibali kikafutwa Novemba, na siku ya mwisho ya mwaka Ngũgĩ akakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kesi. Mwaka 1982 jukwaa lenyewe lilibomolewa. Serikali ilielewa vizuri kuliko wahakiki wengi nguvu ya chumba ambamo watu wa kawaida husikia hadithi yao ikisomwa kwa lugha yao.

Sisi na vyumba vyetu

Wanaozijua maktaba za miji yetu wanajua sura yake ya kila siku. Asubuhi zimejaa wanafunzi wenye madaftari yao, wakijiandaa kwa mitihani. Wamekuja kwa ajili ya meza na utulivu, mara nyingi si kwa ajili ya vitabu vya rafuni. Jioni, saa ambayo mfanyakazi anatoka kazini, nyingi zimekwisha kufungwa. Jambo hili halitokani na uvivu wa wakutubi. Limetokana na namna tulivyozifikiri maktaba tangu uhuru: kama viambatisho vya elimu, na si kama nyumba za jamii.

Hata hivyo msingi upo. Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, siku ya kumbukumbu ya uhuru, na hakuna aliyeichagua siku hiyo kwa bahati. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka huduma ya maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti, karibu zaidi na mwananchi. Na ile Maktaba ya McMillan iliyomfungia nje Mwafrika ina matawi yake Kaloleni na Makadara, mitaa ya wafanyakazi, ambayo taasisi ya Book Bunk kwa makubaliano na serikali ya jiji imeyakarabati na kuyarudisha kwa wakazi kama mahali pa kusoma, kusimuliana na kukutana. Mlango uliojengwa kwa ubaguzi umeanza kufunguka kwa upana ambao walowezi hawakuuwaza.

Kutokana na Chicago, mkurugenzi wa halmashauri au ofisa utamaduni wa kaunti anaweza kuchukua mambo ambayo hayahitaji mkopo wa benki. Maktaba iachwe wazi jioni mbili kwa mwezi. Mkutubi apewe mamlaka ya kualika, na kazi hiyo ihesabiwe katika tathmini yake ya mwaka, ili isiwe hisani anayoifanya kwa muda wake. Kikundi cha waandishi wa mtaa kisidaiwe ada ya ukumbi wala kibali kwa kila kikao. Kisha, jambo ambalo tunalisahau kabisa, maktaba ipokee na kuhifadhi: miswada ya kikundi, tenzi zilizoandikwa kwa mkono, kumbukumbu za vyama vya ushairi, magazeti ya wanafunzi. Tuna washairi waliokufa na daftari zao zikafungiwa maandazi. Harsh angeliita hilo kosa la kiofisi, na angekuwa sahihi.

Kwa wanafunzi na wanaharakati neno langu ni kwamba msingoje tangazo. Kikundi cha mwaka 1936 hakikuundwa kwa waraka. Watu wasiofika 30 waliamua kusomeana kwa ukali na kwa heshima, wakatafuta mahali pasipo na kodi. Lakini msidharau pia kudai chumba cha umma kwa sababu ni cha serikali. Ni chenu, kimejengwa kwa kodi zenu, na kundi lenu litakapotawanyika, kama yanavyotawanyika makundi yote, mtahitaji mahali patakapobaki na karatasi zenu na kumwonyesha kijana mwingine kwamba hapa palishawahi kuandikwa.

Kipimo cha maktaba hakiishii katika idadi ya vitabu ilivyonavyo. Tuulize pia ni vingapi vilivyoandikwa na watu wa mtaa ule ule, na kama siku moja mmoja wao alisimama humo ndani, karatasi zikimtetemeka mkononi, akawasomea watu wanaomjua.